Kuziba Maandishi na Kugonga Nambari za Kurasa: Somo juu ya Matoleo ya Nyaraka za Mashauri katika Kompyuta

Watumishi wa Serikali wanaotunza majalada ya mashauri, pamoja na wananchi ambao barua zao, hati zao za ardhi au taarifa zao za hospitali huenda siku moja zikahitajika mahakamani, wanaelezwa katika somo hili namna waraka mmoja unavyoweza kuwa na matoleo matatu bila ya kupoteza ukweli wake. Toleo la kwanza ni asili, ambayo haiguswi. La pili ni lile lililozibwa, yaani lililoondolewa maneno ambayo sheria inaruhusu yasionwe na kila mtu. La tatu ni lile lililogongwa nambari katika kila ukurasa kabla ya kukabidhiwa upande wa pili wa shauri, au mahakama yenyewe.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa kalamu nyeusi, mhuri na mashine ya fotokopi. Sasa, katika nchi ambazo shauri moja huweza kuwa na nyaraka malaki kwa malaki, hasa Marekani na Uingereza, nyaraka huingizwa katika programu za ukaguzi, kama vile Relativity, Everlaw na Nuix. Mawakili na makarani huzisoma humo humo, huzitia alama, huziba panapostahili, na hatimaye huzitoa zikiwa na nambari. Programu hizo ni hodari wa kuhesabu, kutafuta na kupanga. Hazijui, hata hivyo, lipi ni siri na lipi si siri, wala hazimwambii karani kwamba toleo alilolituma asubuhi si lile lililoidhinishwa jana. Fedheha nyingi zilizotokea katika kazi hii hazikuletwa na ubovu wa mashine. Zililetwa na watu waliodhani kwamba kisichoonekana kwenye kioo hakimo katika faili.

NAMBARI YA UKURASA

Mtumishi yeyote aliyepata kufanya kazi masjala anaijua kanuni ya msingi hata kama hajawahi kugusa programu ya aina hiyo. Barua inapoingizwa katika jalada hupewa nambari ya folio, na nambari ile haibadiliki hata jalada likihamia afisi nyingine. Afisa akifungua jalada akakuta folio ya 16 kisha folio ya 18, hujua papo hapo kwamba kuna karatasi imetoka, na huuliza iko wapi. Pengo lenyewe ndilo shahidi.

Mawakili wa Marekani walilipata jambo hilo hilo kwa njia ya mashine. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Edwin G. Bates wa New York alipata hataza ya mashine ya kugonga nambari, yenye magurudumu ya tarakimu yaliyojisogeza yenyewe kila mpini ulipobonyezwa. Karani aliweza kugonga mamia ya kurasa bila ya kuandika tarakimu hata moja kwa mkono, na bila ya kurudia nambari kwa kusahau. Hadi leo nambari hizo huitwa kwa jina la Bates, ingawa sasa hugongwa na kompyuta pembeni mwa picha ya ukurasa.

Nambari hiyo kwa kawaida huanza na herufi chache zinazomtambulisha anayetoa nyaraka, zikifuatiwa na tarakimu zilizotanguliwa na sifuri, kwa mfano KLM0000057. Sifuri hizo si pambo. Kompyuta inapopanga majina ya mafaili kwa kufuata herufi, huiweka 100 kabla ya 20, kwa kuwa 1 hutangulia 2. Sifuri zikijazwa tangu mwanzo, mpangilio haupotei. Aliyeanza shauri kwa tarakimu nne kwa kudhani kwamba kurasa hazitafika elfu kumi hujuta zinapozidi.

Nambari mbili zisichanganywe. Waraka unapoingia katika programu hupewa nambari ya ndani, ambayo ni ya waraka mzima na ni kwa matumizi ya wakaguzi tu. Nambari ya ukurasa huja baadaye kabisa, siku ya makabidhiano, na ni ya ukurasa mmoja mmoja. Ya kwanza ni kama nambari ya kitabu cha mapokezi; ya pili ni ahadi kwa upande wa pili kwamba ukurasa huu, kwa jina hili, ndio uliokabidhiwa, na hautapewa jina jingine. Kwa sababu hiyo haifai kugonga nambari kabla ukaguzi na uzibaji havijakamilika. Ikigongwa mapema, kisha ikaonekana kwamba waraka mmoja haukustahili kutolewa, litabaki pengo. Pengo si kosa la jinai, lakini halina budi kuelezwa kwa maandishi katika barua ya makabidhiano: kurasa kutoka nambari hii hadi hii zimeachwa kwa makusudi. Kulificha pengo kwa kuzigonga upya kurasa zote ni kosa kubwa zaidi kuliko pengo lenyewe.

LIPI LIZIBWE

Sheria za nchi mbalimbali hazifanani, lakini mfano wa mahakama za shirikisho za Marekani ni wazi na unafaa kuzingatiwa. Kanuni ya 5.2 ya Kanuni za Mashauri ya Madai, iliyoanza kutumika tarehe 1 Disemba, 2007, inataka nyaraka zinazowasilishwa mahakamani zioneshe tarakimu nne tu za mwisho za nambari ya hifadhi ya jamii na za akaunti ya benki, mwaka tu wa kuzaliwa badala ya tarehe kamili, na herufi za mwanzo tu za jina la mtoto mdogo. Inafaa kuangalia ufinyu wa kanuni hiyo. Haikuamuru ukurasa mzima uzibwe kwa kuwa una tarehe ya kuzaliwa. Imeamuru siku na mwezi viondoke, mwaka ubaki, na sentensi iendelee kusomeka.

Aina nyingine ni siri baina ya wakili na mteja wake. Hapa waraka mzima, au sehemu yake, huweza kuzuiwa, lakini kwa sharti kwamba anayezuia aandike orodha: tarehe ya waraka, nani aliuandika, nani aliupokea, na unahusu nini kwa kiasi ambacho upande wa pili utaweza kupima kama dai la siri ni la haki. Asiyeandika orodha hiyo huomba aaminiwe tu, na mahakama haikuwekwa kwa ajili ya kuaminiana tu.

Aibu ya idara si sababu ya kuziba. Wala kosa la mkubwa, wala lugha isiyo ya adabu iliyotumiwa katika dokezo la miaka kumi iliyopita. Hata hoja kwamba maneno fulani hayahusiani na shauri hupokewa kwa shida: mahakama nyingi za Marekani huwatazama kwa jicho kali mawakili wanaokata sentensi ndani ya waraka ambao wao wenyewe wamekiri kwamba unahusika. Kwa ajili hiyo kila kiraka kinachowekwa juu ya maandishi hutakiwa kubeba sababu yake. Kiraka kilichoandikwa juu yake "Siri ya Wakili" au "Taarifa Binafsi" kinaweza kupingwa kwa hoja. Kiraka cheusi kitupu hakimwambii msomaji lolote isipokuwa kwamba kuna mtu hakutaka asome.

KIRAKA CHEUSI SI UFUTAJI

Tarehe 4 Machi, 2005, Nicola Calipari, afisa wa idara ya ujasusi ya Italia, aliuawa kwa risasi za askari wa Marekani katika kizuizi cha barabara iendayo uwanja wa ndege wa Baghdad. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo jeshi la Marekani lilitoa ripoti ya uchunguzi ikiwa imezibwa sehemu nyingi kwa rangi nyeusi. Wasomaji nchini Italia waliichagua ile sehemu nyeusi, wakainakili, wakaibandika katika ukurasa mtupu. Maneno yote yakatokea, pamoja na majina ya askari.

Ilidhaniwa kwamba somo hilo lingetosha. Tarehe 8 Januari, 2019, mawakili wa Paul Manafort, aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya urais ya Donald Trump mwaka 2016, waliwasilisha majibu katika mahakama ya shirikisho mjini Washington yakiwa na viraka vyeusi vya aina ile ile. Waandishi wa habari walinakili, wakabandika, na kabla ya siku kwisha dunia nzima ilikuwa imesoma kwamba Manafort alidaiwa kumpa Konstantin Kilimnik takwimu za kura za maoni za kampeni. Waliofichua siri hiyo hawakuwa wezi wa mtandao. Walifanya kile kinachofanywa na kila karani anayetaka kuhamisha aya kutoka barua moja hadi nyingine.

Sababu yake inaeleweka kwa mfano wa meza. Ukurasa katika faili la kompyuta mara nyingi si karatasi moja, bali ni tabaka kadhaa zilizolazwa moja juu ya nyingine. Chini kuna picha ya ukurasa. Mahali fulani kuna maandishi yanayoweza kutafutwa. Juu kuna michoro iliyoongezwa. Kuchora mstatili mweusi ni sawa na kuweka kitabu juu ya barua iliyo mezani. Barua haionekani, lakini haikuondoka, na yeyote anayeinua kitabu ataisoma.

Wala kalamu ya kawaida haina usalama wa peke yake. Mwezi wa Juni 2023, katika shauri la Marekani lililohusu Microsoft kuinunua kampuni ya Activision Blizzard, ulitolewa waraka wa kampuni ya Sony uliozibwa kwa kalamu nyeusi na kisha kupigwa picha kwa mashine. Wino ulionekana mweusi mezani, lakini katika picha tarakimu za siri za biashara zilisomeka chini yake. Afisi ambazo bado hutumia kalamu na fotokopi zizingatie jambo hilo: anayetumia kalamu hana budi kuitoa nakala ya kwanza, kuichunguza kwenye mwanga, na inapobidi kuinakili tena.

Hatari kubwa kuliko zote hutokana na majedwali. Tarehe 8 Agosti, 2023, Jeshi la Polisi la Ireland ya Kaskazini lilimjibu mwananchi aliyeomba idadi ya askari kwa kila cheo. Jibu lilikuwa jedwali la kompyuta, na nyuma ya karatasi iliyoonekana ilikuwamo karatasi nyingine iliyofichwa, yenye jina la ukoo, herufi za mwanzo za jina, cheo na kituo cha kazi cha askari na watumishi 9,483. Jedwali hilo lilikaa kwenye intaneti kwa zaidi ya saa mbili. Katika nchi ambayo askari wamewahi kuuawa majumbani mwao, familia nyingi zilipoteza usingizi, na wapo waliofikiria kuhama nyumba. Mwaka 2024 jeshi hilo lilitozwa faini ya pauni 750,000. Aliyelituma faili lile hakuziba vibaya. Hakujua kwamba kulikuwa na kitu cha kuziba.

NAMNA PROGRAMU INAVYOFANYA KAZI

Programu nzuri ya ukaguzi haimruhusu mkaguzi kuigusa asili. Mkaguzi anapochora kiraka, programu huhifadhi mahali pa kiraka hicho, sababu yake, jina la aliyekichora na saa aliyokichora, kando na waraka wenyewe. Kwa njia hiyo waraka mmoja unaweza kuwa na seti mbili za viraka: moja kwa ajili ya mawakili wa upande wa pili, ambao wameapa kutunza siri za biashara, na nyingine kwa ajili ya jalada la mahakama linalosomwa na umma. Jaji hupewa toleo lisilozibwa, kwa bahasha iliyofungwa au kwa njia ya kompyuta iliyolindwa. Asili inabaki moja.

Hatua ya makabidhiano ndiyo inayogeuza viraka kuwa ufutaji wa kweli. Hapo programu hutengeneza picha mpya ya kila ukurasa, ambamo kiraka kimeingizwa ndani ya picha yenyewe, na nambari ya ukurasa hugongwa pembeni. Chini ya kiraka katika picha hiyo hamna kitu, kwa sababu picha ilizaliwa hivyo.

Hata hapo kazi haijesha. Picha husindikizwa na faili la maandishi, linalomwezesha mpokeaji kutafuta maneno, na faili-orodha lenye taarifa za waraka: mwandishi, mpokeaji, tarehe, kichwa cha barua, jina la faili. Kosa linalojirudia mno ni kuziba picha na kulisahau faili la maandishi. Karani hutazama picha, akaona viraka viko mahali pake, akaridhika. Kumbe maandishi yaliyotolewa ni yale ya asili, neno kwa neno. Utaratibu unaofaa ni kuyatupa maandishi ya asili kwa kila waraka uliozibwa, na kuiamuru kompyuta isome upya herufi kutoka katika picha iliyokwisha kuzibwa. Itasoma kile tu ambacho jicho la mpokeaji litaona.

Taarifa za waraka nazo hutazamwa moja moja. Haina maana kuziba jina la mgonjwa ndani ya barua ikiwa jina la faili ni jina lake kamili, au ikiwa kichwa cha barua katika orodha kimebaki wazi. Faili la asili la waraka uliozibwa halitolewi kabisa. Barua pepe na viambatisho vyake huhesabiwa kuwa familia moja. Kiambatisho kimoja kikizuiwa chote, mahali pake huwekwa ukurasa mmoja ulioandikwa kwamba waraka umezuiwa, na ukurasa huo hugongwa nambari kama kurasa nyingine. Haufai kuachwa patupu, kwa kuwa barua inasema ina viambatisho vitatu na mpokeaji atahesabu.

Kuna jambo moja ambalo wakaguzi wapya hulidharau. Barua ile ile huweza kuwamo mara kumi katika shauri moja: kwa aliyeituma, kwa kila aliyeipokea, na ndani ya majibu yaliyoifuata. Mkaguzi mmoja akaiziba, mwingine akaiacha wazi. Programu huweza kukokotoa kutoka katika yaliyomo ndani ya faili alama ya tarakimu na herufi ambayo mafaili mawili yanayolingana kabisa hushiriki, na kwa alama hiyo nakala zote hukusanywa na kuzibwa kwa pamoja. Lakini barua iliyonukuliwa ndani ya jibu haina alama sawa na ile ya asili, kwa kuwa jibu limeongezewa maneno. Hapo hapana budi kutafuta kwa maneno yenyewe: jina, nambari ya akaunti, sentensi iliyozibwa. Siri iliyozibwa mara tisa na kuachwa wazi mara moja imefichuka.

TOLEO LINAPOBADILIKA

Mara nyingi jaji huamuru kiraka kifunguliwe. Maombi yamesikilizwa, dai la siri limekataliwa, na ukurasa uliokabidhiwa mwezi uliopita ukiwa na viraka vitatu sasa unatakiwa utolewe na viraka viwili. Hapa ndipo utunzaji wa matoleo unapojaribiwa.

Ukurasa huo haupewi nambari mpya. Ulikuwa KLM0000057 na utabaki KLM0000057, katika toleo la mawakili, toleo la jaji na toleo la umma. Nambari ikitofautiana, shahidi ataulizwa kuhusu ukurasa wa 57 huku wakili wa upande wa pili akisoma ukurasa mwingine, na nusu siku ya mahakama itapotea. Kinachobadilika ni alama ya toleo: baadhi ya afisi huongeza herufi mwishoni mwa nambari, nyingine huandika chini ya ukurasa kwamba ni toleo la pili pamoja na tarehe. Kwa vyovyote, barua ya makabidhiano hueleza ni kurasa zipi zimebadilishwa, kwa amri ya tarehe gani, na humtaka mpokeaji aliondoe toleo la zamani katika programu yake ili yasisomwe yote mawili kwa pamoja. Anayetoa, kwa upande wake, halifuti toleo la kwanza. Hulifungia na kulihifadhi, kwa sababu huenda akaulizwa siku moja ni kipi hasa alichokitoa mwezi ule.

Ule ukurasa mmoja uliowekwa mahali pa waraka uliozuiwa wote huleta tatizo lake. Jaji akiamuru waraka huo utolewe na ukawa na kurasa 40, nambari moja haitoshi, na nambari zinazofuata zimeshachukuliwa. Wenye uzoefu huendeleza nambari ile ile kwa nukta: KLM0001234.001 hadi KLM0001234.040. Sura yake si nzuri, lakini kila msomaji anafahamu ulikotoka waraka huo, na hakuna hata ukurasa mmoja mwingine uliolazimika kuhamishwa.

MFANO WA NYARAKA ZA KENYA

Wapo watakaoona kwamba haya ni mambo ya mawakili wa mbali. Ipo sababu ya kuyatazama kwa karibu. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya walifungua madai katika Mahakama Kuu ya London kuhusu mateso waliyoyapata kizuizini wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950. Shauri hilo lilihitaji nyaraka, na kwa muda mrefu nyaraka muhimu hazikuonekana. Mwezi wa Januari 2011 Serikali ya Uingereza ilikiri kwamba kulikuwa na hazina ya majalada huko Hanslope Park, yaliyoondolewa katika makoloni 37 wakati wa kukabidhi madaraka. Yalikuwa takriban 8,800, na ya Kenya peke yake yalijaza masanduku 300.

Majalada hayo hayakupotea kwa bahati mbaya. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alitoa maelekezo kwamba Serikali mpya zisirithi nyaraka ambazo zingeweza kuitia aibu Serikali ya Uingereza. Maelekezo mengine yaliyokuja kufunguliwa kwa umma yanaonesha kwamba nyaraka ziligawanywa katika makundi mawili, moja la kurithiwa na jingine la kuondolewa, na zile za kuondolewa zikagongwa mhuri wa herufi W. Liko jambo linalomgusa moja kwa moja mtu wa masjala: iliagizwa kwamba waraka unapochukuliwa kutoka katika jalada litakalobaki, pengo lisionekane, bali pawekwe karatasi za bandia mahali pake.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti baina ya kuziba na kughushi. Ukurasa uliozibwa kwa haki unasema waziwazi: hapa palikuwa na maneno, yameondolewa kwa sababu hii, na nambari yake ni hii. Karatasi ya bandia inasema: hapa hapakuwa na kitu. Mwenye kudai haki anaweza kupambana na ule wa kwanza mbele ya jaji. Dhidi ya huo wa pili hana pa kuanzia, kwa kuwa hajui kwamba kuna cha kuuliza. Wazee wale walisubiri zaidi ya nusu karne. Tarehe 6 Juni, 2013, Serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake Bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Mmoja wa wale watano wa kwanza alikuwa amekwisha kufariki dunia.

KABLA YA KUKABIDHI

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinamtaka anayeshika taarifa za mtu azilinde zisivuje. Afisa anayetoa nyaraka kwa ajili ya shauri husimama baina ya wajibu huo na wajibu wa kutoa kile ambacho mahakama imeamuru, na hawezi kuutimiza mmoja kwa kuuvunja mwingine.

Ukaguzi wa mwisho ufanywe na mtu ambaye hakuchora viraka, na ufanywe juu ya mafaili yale yale yatakayotumwa, si juu ya yale yaliyomo katika programu. Afungue faili kwa programu nyingine kabisa. Achague maandishi yote ya ukurasa uliozibwa, ayanakili na kuyabandika mahali patupu. Atafute katika furushi zima kila jina na kila nambari iliyopaswa kufichwa. Jibu linalotakiwa ni kwamba hakuna lililopatikana. Majedwali ayafungue na kuangalia karatasi zilizofichwa, safu zilizokunjwa, na maelezo yaliyoambatishwa kwenye vyumba vya jedwali. Kisha ahesabu kurasa, alinganishe nambari ya kwanza na ya mwisho na ile barua ya makabidhiano, na atie saini. Kazi hiyo huchukua saa chache katika furushi la kawaida, na huonekana kuwa ya kuchosha. Ndiyo maana haifai kuachiwa mtu aliyekwisha kuchoka kwa kusoma.

Mwananchi anayepokea nyaraka zilizozibwa naye ana haki ya kuzichunguza. Anaweza kuuliza kila kiraka kimewekwa kwa sababu gani, nambari zilizorukwa ni za nini, na kama ukurasa alioupata ni toleo la kwanza au la baadaye. Inafaa aandike swali lake kwa kutaja nambari ya ukurasa, kwani swali lisilo na nambari hujibiwa kwa maelezo ya jumla.

Siri ikitoka kwa bahati mbaya, muda ndio kila kitu. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, tangu mwaka 2006, aliyetoa waraka wa siri kwa makosa anaweza kumwarifu mpokeaji, na mpokeaji hulazimika kuurudisha, kuuweka kando au kuuteketeza, na haruhusiwi kuutumia hadi dai la siri limeamuliwa. Mwaka 2008 sheria ya ushahidi iliongezwa Kanuni ya 502, inayomlinda aliyechukua tahadhari za kutosha kabla ya kutoa na kuchukua hatua kwa haraka baada ya kugundua kosa. Jaji atakapoulizwa kama tahadhari zilitosha, ataomba kuona karatasi ya ukaguzi, tarehe yake na saini iliyo chini yake. Kwa waraka uliokwisha kuwekwa katika jalada la wazi la mahakama na kusomwa na umma, mpokeaji wa kurudisha hayuko tena. Kinachobaki ni kuomba jalada lifungwe, kuwajulisha wale ambao majina yao yametoka, na kutoa toleo sahihi kwa nambari zile zile.